Desibeli na Upotevu wa Nguvu ya Mwanga katika Mkongo: Maelezo ya Hesabu na ya Lugha

Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi wahandisi wa simu wanavyohesabu nguvu ya mwanga ipoteayo ndani ya nyuzi za kioo, na kukieleza kipimo wanachokitumia kwa kazi hiyo, yaani desibeli. Huenda msomaji wa jarida la lugha akastaajabu kuona jambo la namna hii limewekwa mbele yake. Lakini hesabu yenyewe haimshindi mtu yeyote ajuaye kuzidisha na kugawanya; sehemu kubwa ya ugumu wake imo katika maneno. Neno moja, desibeli, latumika kwa mambo mawili mbalimbali, na asiyeyatenganisha atakosea ingawa kujumlisha kwake ni sahihi. Nitajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kinayo tangu zamani njia ya kutenganisha mambo ya namna hii, na kwamba njia hiyo yatufaa hapa.

Mahali pa mfano wetu

Mfano wetu utakuwa Tunduma. Mji huu uko mpakani mwa Tanzania na Zambia, katika Mkoa wa Songwe, ambao ulitengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu ni Vwawa. Upande wa pili wa mpaka ni mji wa Nakonde. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam yapita hapa, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yapita hapa pia. Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao huendeshwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), na mkongo huo wafika Tunduma na kuungana na njia za mawasiliano za Zambia. Mwaka huo huo wa 2009 waya wa baharini uitwao SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule uitwao EASSy. Basi habari iandikwayo Tunduma yaweza kupita nchi kavu hadi pwani, na kutoka pwani ikavuka bahari.

Jambo hili si dogo kwa watu wa mpakani. Hati za forodha hupelekwa kwa kompyuta, benki hutegemea njia hiyo hiyo, na malori yanayosubiri kuvuka hayawezi kwenda mpaka hati zao zijibiwe. Mawasiliano yakikatika, watu husema kwa kifupi kwamba “mtandao unasumbua”, na maneno hayo yatosha kwa mwenye lori. Kwa fundi hayatoshi. Yeye hana budi kujua ni kiasi gani cha mwanga kilichopotea, na kimepotea wapi.

Yafaa kwanza kusema maneno tutakayoyatumia. Jina la serikali ni mkongo, ingawa wengi husema pia mkonga. Katika makala haya mkongo ni waya mzima, pamoja na maganda yake na nyuzi zilizomo ndani. Uzi ni uzi mmoja wa kioo, wenye unene wa sehemu 125 za elfu ya milimita. Na ndani ya uzi huo kimo kiini chembamba zaidi, chenye upana wa karibu sehemu 9 za elfu ya milimita, ambamo mwanga hupita. Tena, katika Kiswahili cha sayansi kani, nishati na nguvu ni mambo matatu: kani husukuma au kuvuta, nishati ni uwezo wa kufanya kazi, na nguvu ni nishati ipitayo katika kila sekunde. Nguvu hupimwa kwa wati. Mwanga wa mkongo ni mdogo, kwa hiyo aghalabu hupimwa kwa miliwati, yaani sehemu ya elfu ya wati.

Kupungua kwa sehemu

Mwanga hupotea njiani kwa sababu kadha wa kadha. Sehemu yake hutawanywa na kioo chenyewe, kwa kuwa chembe zake hazikupangika sawasawa kila mahali. Sehemu nyingine hunyonywa na uchafu uliomo katika kioo, hasa mabaki ya maji. Uzi ukikunjwa mno, mwanga hutoka ubavuni. Na kila mahali nyuzi mbili zilipounganishwa, mwanga kidogo hukosa njia.

Sasa, mwanga hupungua kwa kanuni gani? Tuseme kwamba katika kila kilomita ya uzi, sehemu 95 katika 100 za mwanga ulioingia hutoka upande wa pili, na sehemu 5 hupotea. Mtu asiyezoea atadhani kwamba baada ya kilomita 2 zimebaki 90, baada ya kilomita 10 zimebaki 50, na baada ya kilomita 20 mwanga umekwisha kabisa. Sivyo. Kilomita ya pili haichukui fungu lake katika zile 100 za mwanzo, bali huchukua katika 95 zilizoifikia. Kwa hiyo hubaki 90.25. Kilomita ya tatu huchukua katika hizo 90.25, nayo huacha karibu 85.7. Tukiendelea hivyo, baada ya kilomita 20 zabaki karibu 36 katika 100, na baada ya kilomita 100 zabaki karibu 6 katika 1,000.

Ni kama shehena ya nafaka ipitayo mikononi mwa watoza ushuru wengi, kila mmoja akichukua fungu lile lile, lakini si katika shehena ya mwanzo, bali katika ile iliyomfikia yeye. Wa kwanza hupata zaidi kuliko wote, na wa mwisho hupata kidogo, ingawa sheria yao ni moja.

Kwa hiyo, mtu atakaye kujua mwanga uliobaki mwisho wa kilomita 100 sharti azidishe 0.95 kwa 0.95 mara nyingi sana, kisha akumbuke kuzidisha tena kwa sehemu iliyopotea katika kila maungio. Kazi hiyo yachosha, na aliyechoka hukosea.

Logarithimu na desibeli

Dawa ya uchovu huo ilipatikana zamani. Mwaka 1614 John Napier wa Uskoti alitoa kitabu chake juu ya logarithimu, na mwaka 1617 Henry Briggs wa Uingereza akatoa jedwali la kwanza la logarithimu za kizio cha 10, ambazo ndizo tutumiazo hapa. Logarithimu ya namba ni kipeo ambacho 10 hupandishwa ili kuipata namba ile. Kwa kuwa 100 ni 10 kwa kipeo cha 2, logarithimu yake ni 2. Logarithimu ya 1,000 ni 3. Na logarithimu ya 2 ni 0.3010. Faida yake ni hii: tukizidisha namba, logarithimu zake hujumlishwa. Kwa mfano, 100 mara 1,000 ni 100,000, na 2 jumlisha 3 ni 5, nayo 5 ndiyo logarithimu ya 100,000. Kazi ya kuzidisha imegeuka kuwa kazi ya kujumlisha.

Wahandisi wa simu walifuata njia hiyo. Kabla yake, wale wa Marekani walikuwa wakipima upotevu wa sauti kwa kuulinganisha na maili kadhaa za waya wa namna moja uliochaguliwa kuwa kipimo, kama vile watu wetu walivyopima nafaka kwa kibaba na pishi. Katika miaka ya 1920 kampuni ya simu ya Bell iliacha maili hizo, ikachukua kipimo kilichojengwa juu ya logarithimu, na mwaka 1928 kipimo hicho kikaitwa desibeli. Beli ni jina la heshima kwa Alexander Graham Bell, na desi ni sehemu ya kumi. Alama yake ni dB. Kanuni yake ni hii:

Upotevu (dB) = 10 × log (nguvu iliyoingia ÷ nguvu iliyotoka)

Kwa maneno: tugawanye nguvu iliyoingia kwa nguvu iliyotoka, tutafute logarithimu ya jawabu, kisha tuizidishe kwa 10. Ikiwa miliwati 1 imeingia na nusu miliwati imetoka, mgawanyo ni 2, logarithimu ni 0.3010, na upotevu ni desibeli 3.01. Kwa kazi za kawaida husemwa desibeli 3. Mtu akishika moyoni namba chache zifuatazo, ataweza kufanya hesabu nyingi bila jedwali:

Upotevu wa dB 1: hubaki karibu sehemu 79 katika 100.
Upotevu wa dB 3: hubaki nusu.
Upotevu wa dB 10: hubaki sehemu moja katika 10.
Upotevu wa dB 20: hubaki sehemu moja katika 100.
Upotevu wa dB 30: hubaki sehemu moja katika 1,000.

Nyingine hupatikana kwa kujumlisha. Upotevu wa dB 13 ni wa dB 10 pamoja na wa dB 3. Kwa hiyo hubaki nusu ya sehemu ya kumi, yaani moja katika 20. Na ule uzi wetu uachao 95 katika 100 kwa kila kilomita, upotevu wake ni karibu dB 0.22 kwa kilomita. Kilomita 20 ni dB 4.4, kilomita 100 ni dB 22. Yale mazidisho mengi yamekuwa zidisho moja.

Kipimo hiki ndicho pia kionyeshacho jinsi kioo kilivyotengenezwa upya. Katikati ya miaka ya 1960 nyuzi za kioo zilizokuwapo zilipoteza kiasi cha dB 1,000 kwa kilomita, yaani dB 1 kwa kila mita. Baada ya mita 10 tu ilibaki sehemu moja ya kumi. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, waliandika kwamba kosa si la kioo bali la uchafu wake, na kwamba upotevu ukishushwa hadi dB 20 kwa kilomita, simu zitaweza kupelekwa kwa mwanga. Mwaka 1970 watafiti watatu wa kampuni ya Corning ya Marekani, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, walitengeneza uzi wenye upotevu wa dB 17 kwa kilomita. Hivi leo nyuzi za kawaida hupoteza karibu dB 0.35 kwa kilomita kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1310, na karibu dB 0.2 kwa ule wa nanomita 1550. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009, mwaka ule ule mkongo wetu ulipoanza kujengwa.

Hesabu ya mkongo wa kilomita 100

Tuchukue sasa mkongo wa kilomita 100, umbali ukaribiao ule wa barabara kati ya mji wa Mbeya na Tunduma. Tarakimu nitakazozitoa ni za mfano. Hazikupimwa katika mkongo wowote uliopo. Lakini ni za namna itumikayo na wahandisi wanapopanga kazi yao.

Uzi wetu hupoteza dB 0.22 kwa kilomita. Kilomita 100 ni dB 22. Mkongo huletwa katika magurudumu, na tuseme kila gurudumu lina kilomita 4. Basi vipande ni 25, na maungio kati yao ni 24. Tuongeze maungio mawili ya miishoni, yawe 26. Nyuzi huunganishwa kwa kuyeyusha ncha zake kwa cheche ya umeme, na tukikadiria dB 0.1 kwa kila maungio, jumla ni dB 2.6. Mwisho kuna konekta mbili, moja kila upande, ambapo uzi huchomekwa katika mtambo. Tukizihesabia dB 0.5 kila moja, ni dB 1. Hesabu yote ni hii:

Uzi: kilomita 100 × 0.22 = dB 22.0
Maungio: 26 × 0.1 = dB 2.6
Konekta: 2 × 0.5 = dB 1.0
Jumla ya upotevu = dB 25.6

Tuseme mtambo wa Mbeya watoa miliwati 1, na mtambo wa Tunduma waweza kuusoma mwanga sawasawa mradi upotevu wa njiani usizidi dB 28. Tofauti ya 28 na 25.6 ni dB 2.4. Hiyo ndiyo akiba ya njia hii. Na neno letu akiba lafaa sana, kwani ni kitu kilichowekwa kwa ajili ya siku mbaya.

Siku mbaya zenyewe ni hizi. Mkongo hufukiwa, mara nyingi kando ya barabara, na barabara huchimbwa. Jembe au mtambo wa kuchimba ukiukata mkongo, fundi aghalabu huingiza kipande kipya mahali palipoharibika, na kipande kina miisho miwili. Kwa hiyo kila tengenezo huongeza maungio mawili, yaani dB 0.2 katika hesabu yetu. Mwanga urudipo, watu hufurahi na kusema kwamba njia imepona. Kweli imepona, lakini akiba imepungua. Tengenezo moja si kitu. Matengenezo 12 ni dB 2.4, na akiba yote imekwisha. Ukatapo mkongo mara ya 13, fundi atafanya kazi yake vizuri kama zamani, wala mwanga hautasomeka sawasawa, naye atalaumiwa kwa kosa lisilo lake. Wazee walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali, na hapa chovyo hizo zina namba.

Kwa sababu hiyo daftari la fundi liandikwalo “mkongo ulikatika, umetengenezwa” halina faida kwa atakayelisoma baada ya miaka mitano. Lenye faida ni lile lisemalo: “Upotevu kabla ya kukatika dB 25.6, baada ya kutengenezwa dB 25.8, akiba iliyobaki dB 2.2.”

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma kwa barabara ni zaidi ya kilomita 900. Kwa uzi wetu wa mfano, kilomita 900 peke yake ni dB 198, upotevu usioweza kuvumiliwa na mtambo wowote. Ndiyo maana njia ndefu hugawanywa, na katika vituo vya kati huwekwa mitambo ya kuukuza mwanga au kuutengeneza upya. Kukuza nako hupimwa kwa desibeli: mtambo ukiuzidisha mwanga mara 100 ndani ya kituo, umeongeza dB 20, nazo hutolewa katika jumla ya upotevu.

Saa tatu na saa tatu

Mpaka hapa desibeli imekuwa kipimo cha tofauti: nguvu iliyoingia kwa nguvu iliyotoka. Desibeli ya namna hii haisemi kuna mwanga kiasi gani. Upotevu wa dB 3 ni nusu ya taa ya bandari na nusu ya kimulimuli vile vile. Lakini fundi ashikapo chombo cha kupimia nguvu, chombo humwonyesha kitu kingine: alama dBm. Hapo nguvu iliyopo imelinganishwa na miliwati 1. Miliwati 1 yenyewe ni dBm 0. Miliwati 2 ni karibu dBm 3. Sehemu ya kumi ya miliwati ni dBm hasi 10. Hiki si upotevu, bali ni kiwango: chasema mwanga uko wapi, si umepoteza nini.

Matamshi ya fundi huwa mamoja, “desibeli”, na maana ni mbili. Je, Kiswahili kimepata kukutana na jambo kama hili? Naam, kila siku. Tukisema “alifika saa tatu”, tumetaja mahali katika siku. Tukisema “alisafiri kwa saa tatu”, tumetaja urefu wa wakati. Maneno ni yale yale, saa na tatu, lakini hakuna Mswahili anayechanganyikiwa, kwa kuwa kitenzi na kihusishi humwongoza.

Tuangalie mfanano huu kwa ukamilifu. Mahali katika siku hutegemea mwanzo wa kuhesabu. Waswahili huhesabu saa za mchana tangu macheo, na Wazungu tangu usiku wa manane. Ndiyo sababu saa tatu asubuhi ya kwetu huandikwa saa 9 kwa hesabu yao, tofauti ikiwa saa sita daima. Tunduma jambo hili hudhihirika zaidi, maana saa za Zambia ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa moja. Mtu avukaye kutoka Tunduma saa nne kamili asubuhi huingia Nakonde saa tatu asubuhi. Lakini safari ya saa tatu ni ya saa tatu upande huu na upande ule. Hakuna mpaka uwezao kuifupisha.

Ndivyo ilivyo kwa desibeli. Kiwango hutegemea mwanzo wa kuhesabu: tukianzia miliwati 1, kiwango chake ni dBm 0, tukianzia wati 1, kiwango kile kile huandikwa dBW hasi 30, na tofauti ya hesabu hizo mbili ni 30 daima. Lakini upotevu wa dB 25.6 ni ule ule, mwanzo uwe upi.

Kanuni za kujumlisha nazo zafanana. Saa nne asubuhi ukiongeza saa tatu ni saa saba mchana. Mahali na muda huleta mahali. Kadhalika kiwango cha dBm 0 kikipata upotevu wa dB 25.6 huwa kiwango cha dBm hasi 25.6. Tena, saa saba ukitoa saa nne hupata muda wa saa tatu. Na kiwango cha Mbeya ukitoa kiwango cha Tunduma hupata upotevu wa njia. Lakini hakuna ajumlishaye saa nne asubuhi na saa tatu asubuhi, maana jawabu lake si kitu. Vivyo hivyo viwango viwili havijumlishwi. Mianga miwili ya dBm 0 ikikutana katika uzi mmoja, jumla yake si dBm 0, ingawa sifuri na sifuri ni sifuri. Ni miliwati 2, yaani karibu dBm 3. Anayetaka kujumlisha viwango hana budi kurudi kwanza katika miliwati.

Maneno ya kuangaliwa

Yafuata kutokana na haya kwamba mwandishi wa Kiswahili atakayeeleza kazi hii yampasa kuwa mwangalifu katika maneno manne.

La kwanza ni desibeli yenyewe. Isiachwe peke yake. Tuseme “upotevu wa desibeli 3” kwa tofauti, na “kiwango cha desibeli 3 kwa miliwati” kwa mahali. Upotevu na kiwango zitafanya kazi ile ifanywayo na “kwa” na kitenzi katika habari za saa.

La pili ni mara. Neno hili huhesabu vipindi na pia mazidisho. “Nguvu imepungua mara kumi” huweza kumaanisha kwamba imeshuka katika nyakati kumi, au kwamba imekuwa sehemu moja ya kumi. Kwa fundi tofauti hiyo ni kubwa: ya kwanza ni habari ya daftari, ya pili ni upotevu wa dB 10. Kwa kupungua, ni afadhali kusema “imebaki sehemu moja ya kumi”.

La tatu ni kwa na hadi. Kioo ambacho upotevu wake “umeshuka kwa dB 20” si kile ambacho upotevu wake “umeshuka hadi dB 20”. Herufi chache zageuza maana yote.

La nne ni hasi. Upotevu ni neno lenye kutoa ndani yake. Anayesema “upotevu wa hasi 3” ametoa mara mbili, na kwa hesabu amesema kwamba mwanga umeongezeka. Hasi ni ya kiwango, si ya upotevu. Na katika viwango, hasi 28 iko chini ya hasi 25, ijapokuwa 28 yazidi 25. Kama vile maji ya kisima yaliyo futi 28 chini ya ardhi yalivyo chini kuliko yaliyo futi 25.

Yaweza kusemwa kwamba vyombo na vitabu vya kazi hii vimeandikwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo maneno ya Kiswahili hayahitajiki. Lakini shimoni kando ya barabara, usiku, fundi mmoja akiwa Tunduma na mwenzake akiwa kituo cha pili, kazi hufanywa kwa simu na kwa Kiswahili. Mmoja akisema “napata ishirini na tano” pasipo kusema kama ni upotevu au ni kiwango, mwenzake atachagua mwenyewe, na akichagua vibaya watachimba mahali pasipo na kosa, malori yakiendelea kungoja. Watunga kamusi wakiandika maana ya desibeli, naomba waandike maana zote mbili, kila moja na mfano wake, kama wanavyofanya kwa neno saa.